Mguu wa Mzee Bahati

Chini ya kitanda changu kuna mguu wa plastiki. Ni wa kulia, kuanzia goti hadi vidole. Chuo kikuu nilichokitumikia miaka ishirini na miwili kimeniandikia mara tatu kikitaka niurudishe, na mara zote tatu nimewajibu kwamba wajaze fomu kwanza. Hawajajaza. Mimi nimestaafu, sina haraka.

Kiongozi wa vijana pale kanisani aliniomba niwaandikie nyinyi mnaoanza kazi katika maofisi na mahospitali ya Sydney maneno machache ya kutia moyo. Nikamwambia ya kutia moyo ataandika mchungaji. Mimi nitaandika habari za huo mguu, na nitaandika nikiwa na hasira, kwa sababu nilijaribu kuandika bila hasira na karatasi ikabaki nyeupe.

Nilikuwa fundi wa maabara ya uuguzi. Mkisikia maabara msidhani ni chupa na moshi. Yetu ilikuwa wodi ya kuigiza: vitanda sita, mapazia, mitungi ya oksijeni isiyo na oksijeni, na juu ya kila kitanda mdoli wa kimo cha mtu mzima. Wanafunzi walijifunza kwao kumwogesha mtu, kumgeuza, kumfunga kidonda, kumchoma sindano, kabla hawajaruhusiwa kumgusa mgonjwa wa kweli. Tuliwaita wagonjwa, na kila mmoja alikuwa na jina. Wa dirishani alikuwa Mzee Bahati. Jina hilo alipewa na wanafunzi kutoka Kongo, kwa kuwa alikufa mara nne kila muhula na kesho yake yuko palepale.

Aliyenifundisha kazi ni Stavros, Mgiriki mfupi aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Alinionyesha jinsi ya kuinua mdoli mzito bila kuvunjika mgongo: piga goti, mkumbatie kama unamwamsha mlevi, ndipo usimame naye. Alinionyesha kunyunyiza poda chini ya shuka ili ngozi ya plastiki isigande. Damu alinifundisha baada ya mimi kuharibu. Muhula wangu wa kwanza nilitengeneza damu kwa maji ya sukari na rangi nyekundu ya keki, ikatiririka vizuri ajabu, nikajisifu Ijumaa yote. Jumatatu mwanafunzi akachoma sindano kwenye mkono wa mgonjwa na sisimizi wakatoka kwa mstari. Stavros alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaniambia, weka sabuni ya vyombo badala ya sukari. Wenye maabara, hilo lichukueni bure.

Lakini kitu ambacho Stavros alikiabudu hasa kilikuwa daftari lake jeusi. Hakuna kilichotoka mlangoni bila kuandikwa: nani, kitu gani, lini kinarudi, sahihi. Siku moja mkuu wa kitivo aliazima mkasi akafungulie bahasha. Stavros akamfuata kwenye korido na daftari mkononi, yule mama akaweka sahihi kwa ajili ya mkasi. Mimi nilimcheka. Kwetu Nakuru, katika chama chetu cha akina mama, sufuria inaazimwa leo kwa matanga, kesho kwa harusi, na hakuna anayemwandikisha mwenzake. Unapaka alama ya rangi ya kucha chini ya sufuria yako, basi. Ikirudi, unaigeuza unaitambua. Kwa hiyo Stavros alipoondoka nikaliweka daftari kwenye droo, nikanunua chupa ya rangi nyekundu, nikapaka herufi C, ya Ciku, chini ya unyayo wa kila mgonjwa. Stavros alikuwa amenisikia nikiupanga mchezo huo kabla hajaondoka, akaniambia, "Ciku, hiyo alama itasema kitu ni chako. Haitasema nani alikichukua wala kwa nini."

Nilimwona ni mzee anayependa karatasi.

Sasa kuhusu chuo chenyewe. Sitakitaja jina, wala sitaki mkitafute. Kilikuwa na kampasi nne chini ya sheria moja ya jimbo, na juu yake baraza moja la kuongoza. Kwenye vijitabu vyao tulikuwa familia moja. Familia gani, tulikuwa wake wenza. Kampasi Kuu, upande wa kaskazini wenye miti na mabwawa ya kuogelea, ndiyo ilikuwa na ofisi za wakubwa, na baraza lilikutana huko kila mara, kwenye chumba cha juu chenye zulia. Sisi huku magharibi, kampasi ya wanafunzi wanaotoka Fairfield, Bankstown, Smithfield, tulikuwa tunaitwa "kule nje". Nimeketi mikutanoni nikisikia mtu mzima mwenye digrii tatu akisema, "Hawa wa kule nje wanaonaje?" na mimi niko mbele yake nakunywa chai yao.

Kilichotugombanisha zaidi kilikuwa wiki ya kuhesabu. Mara mbili kwa mwaka watu walitumwa na makao makuu wapite chumba kwa chumba, wahesabu vichwa. Chumba kikionekana kitupu, kampasi inanyang'anywa kitu: mwalimu, kozi, jengo. Kwa hiyo kila mtu alidanganya, na nyinyi mnaonisoma msijifanye mngekataa. Kampasi Kuu waliwaita wanafunzi madarasani wiki hiyo kwa pizza. Sisi hatukuwa na pizza. Mwaka mmoja mkuu wa kampasi yetu, Dokta Alan, alinijia amekunja mikono ya shati, akaniomba wagonjwa wanne. Tukawavalisha majaketi ya kofia, tukawaketisha nyuma ya ukumbi wa mihadhara wakiwa wameinamisha vichwa. Mwanamke wa kuhesabu akachungulia, akaandika, akaenda zake. Mzee Bahati alihesabiwa kuwa mwanafunzi wa uchumi. Tulicheka wiki nzima. Sasa nikikumbuka sicheki, kwa sababu siku hiyo nilifundishwa kwamba hesabu ile ni ya uongo, na bado nikaja kuikubali iamue maisha ya mtu.

Mtu huyo ni Furaha. Alitoka Bukavu, akapitia kambi, akafika hapa na watoto watatu. Alikuwa mwaka wa pili wa uuguzi. Alfajiri anafunga makasha kwenye ghala moja Smithfield, saa saba mchana anatoka, anapanda basi, saa nane yuko maabarani kwangu na fulana safi. Watoto wakitoka shule wanaketi maktaba ya mtaani hadi awapitie. Maisha yake yote yalikuwa yamepangwa kuzunguka basi hilo moja. Mikono yake ilikuwa ya muuguzi tangu zamani. Alikuwa akimgeuza Mzee Bahati huku anamsemesha, "Pole baba, tunageuka sasa," wakati wenzake wanamvuta kama gunia. Nilimwambia mara nyingi, wewe utanivalisha mimi nikizeeka. Naye alikuwa anahesabu miezi iliyobaki kwenye kalenda ya jikoni kwake, niliiona kwa macho yangu, ana misalaba ya kalamu nyekundu.

Basi siku moja Glenda akanipigia simu. Glenda alikuwa maneja wa maabara ya Kampasi Kuu, mwanamke ambaye kwa miaka yote hajawahi kunisalimu kwa jina. Siku hiyo nikawa "Ciku mpenzi". Bomba limepasuka, maabara yao imefurika, wagonjwa wao wameharibika, na wana mitihani. Ningeweza kuwaazima wetu sita kwa wiki mbili? Akaongeza kwamba huko kwao kila mtu anajua fundi bora wa chuo ni mimi.

Niseme ukweli wote. Sikumpa kwa sababu ya ujirani tu. Hiyo ndiyo nimekuwa nikiwaambia watu, kwamba mtu akiwa na shida huwezi kumnyima sufuria. Ni kweli, lakini nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilifurahi kusifiwa na wa juu. Mtu mzima mwenye wajukuu, nikafurahi kama niliyepewa peremende.

Gari lilikuja mchana. Furaha na wenzake walinisaidia kuwabeba. Tulipomlaza Mzee Bahati ndani ya gari, Furaha akanifuta vumbi begani, akaniuliza, "Mama, bale bagonjwa batarudia siku gani? Muliandika ku karatasi?"

Nikamwambia, "Hawa ni wenzetu, Furaha. Chuo ni kimoja."

Hakubisha. Mtu aliyepita kambini anajua thamani ya karatasi kuliko mimi, lakini nilikuwa mkubwa kwake, na kwao kama kwetu mkubwa habishiwi. Akafunga mlango wa gari vizuri.

Wiki ya kuhesabu iliangukia katikati ya zile wiki mbili. Kampasi Kuu walikuwa na kalenda, sisi tuliletewa baada yao, kama kawaida. Nimeambiwa niseme labda Glenda hakujua. Sisemi labda. Wakaja, wakafungua mlango wa wodi yetu, wakakuta vitanda sita vitupu na mimi napiga deki. Nikawaeleza wagonjwa wameazimwa. Wakaniomba karatasi ya kuazima.

Ripoti ilisema maabara yetu haitumiki. Ikapendekeza masomo yote ya vitendo ya uuguzi yahamie Kampasi Kuu, ambako, iliandikwa hivyo jameni, kuna vifaa vya kutosha.

Nilimwendea Dokta Alan. Akafunga mlango, akaniambia tusipige kelele, mambo haya yana njia zake. Njia zenyewe nilizijua miezi michache baadaye, alipohamia Kampasi Kuu na cheo kipya na dirisha linalotazama miti. Tulimchangia zawadi ya kumuaga. Nilitia mkono mfukoni kama wengine, na mpaka leo najiuliza mkono huo ulikuwa wa nani.

Lakini nilikuwa na kiti. Wafanyakazi wasio walimu walikuwa na mjumbe mmoja kwenye baraza la chuo, na mwaka huo mjumbe alikuwa mimi, kwa sababu hakuna mwingine aliyejitokeza. Wajumbe wengine walikuwa watu waliochaguliwa na serikali na matajiri wa bodi hii na ile. Nikamwambia Furaha, usiogope, nitawaeleza. Akanishika mikono yote miwili. Wanawake sita wa darasa lake wakaniombea pale pale kati ya vitanda vitupu.

Siku ya baraza nilifika Kampasi Kuu mapema, nikapitia maabarani kwa Glenda. Hakuwepo. Wagonjwa wangu sita walikuwa wamelala kwenye shuka mpya, kila mmoja na kikaratasi mkononi: mali ya Kampasi Kuu. Nikamfunua wa dirishani, nikamvua soksi, nikainua unyayo. C nyekundu, imekwaruzika kidogo. Wale midoli mguu wao hutoka gotini: unabonyeza kitufe kilicho nyuma, unazungusha robo, unavuta. Nikabonyeza, nikazungusha, nikavuta. Nikamfunika Mzee Bahati, nikamwomba radhi, nikautia mguu kwenye mfuko wa sokoni na kupanda ngazi.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize kuliko mahali pengine pote. Makabrasha ya baraza yaliletwa wiki moja kabla, mazito kama mto wa kulalia. Nilisoma ukurasa wa maabara yetu mara kumi. Sikuona kwamba mwanzoni, kwenye orodha ya mambo ya siku, pembeni ya jambo letu kulikuwa na nyota ndogo. Hakuna aliyeniambia maana ya nyota, na mimi niliona haya kuuliza, nisionekane wa kule nje.

Mkutano ukafunguliwa. Mwenyekiti, mzee mtanashati mwenye sauti ya redio, akasoma jambo fulani haraka haraka, akauliza, "Tunakubaliana?" Watu wakaitikia ndiyo. Mimi wakati huo nilikuwa nimeinama nasukuma mfuko chini ya meza, vidole vya Mzee Bahati vilikuwa vinachungulia nje. Nikaitikia ndiyo pamoja nao. Kwa adabu. Mnajua sisi, kusanyiko likiitika nawe unaitika.

Nikangoja zamu yetu. Wakajadili maegesho ya magari karibu saa nzima. Wakajadili rangi ya nembo. Mwenyekiti akaanza kufunga faili, ndipo nikanyoosha mkono nikauliza, na maabara ya uuguzi?

Akanitazama kwa upole. Akanieleza kama anavyomweleza mtoto kwamba mambo yenye nyota hupitishwa yote kwa pamoja mwanzoni, bila mjadala. Ukitaka lijadiliwe, unamwandikia katibu siku moja kabla ili nyota iondolewe. "Na nadhani," akasema, "wewe mwenyewe ulikubali."

Nikautoa mguu. Nikauweka mezani, unyayo juu, kati ya jagi la maji na biskuti zao. Nikawaambia hii ni herufi ya jina langu, huyu ni mgonjwa wangu, mmetuazima wagonjwa kisha mkaandika hatuna wagonjwa. Nikawaambia kuna mwanamke anaitwa Furaha, akihamishiwa huku hatamaliza, na mkitaka nitawatajia na wenzake. Kiingereza changu kilinitoroka katikati, nikamalizia kwa Kiswahili, na naamini walielewa. Mama mmoja akasogeza biskuti mbali na vidole.

Mwenyekiti akanishukuru kwa hisia zangu. Akasema itaandikwa. Nami nilikuja kuyasoma hayo maandishi: "Mjumbe mmoja alitoa maoni kuhusu vifaa." Maneno sita. Kunyang'anywa kwetu kote, safari nzima ya mwanamke kutoka Bukavu, maneno sita, na mbele yake ndiyo yangu mwenyewe imeandikwa kwamba baraza lilikubali kwa kauli moja.

Hakuna aliyetaka kuugusa ule mguu, nami sikuwaachia. Nilirudi nao kwa treni hadi Fairfield. Abiria walikuwa wanatazama mfuko, wanatazama miguu yangu, wanahesabu.

Furaha alijaribu mwezi mmoja. Darasa la Kampasi Kuu lilianza saa mbili asubuhi, mlango unafungwa dakika kumi baadaye. Alibadilisha shifti, wakamrudisha. Alipanda treni hadi mjini, treni nyingine kwenda kaskazini, kisha basi la chuo, akifika mlango umefungwa anaona wenzake kupitia kioo. Mara ya tano hakugonga. Alikuja kwangu kunirudishia kitabu cha anatomia nilichomwazima, amekifunika kwa gazeti. Akaniambia, "Mama, usisikitike." Mimi nikawatukana Kampasi Kuu, Glenda, Alan, mwenyekiti na babu zao. Akanisikiliza hadi nikamaliza. Hakuwatukana nami.

Leo anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, msaidizi. Wauguzi vijana wenye beji humwita awaonyeshe jinsi ya kumgeuza mzee bila kumuumiza, kisha wao ndio wanaoweka sahihi kwenye faili. Kila mkihitimu na kupiga picha na kofia zenu, nawapongeza, na moyoni nawaka.

Kwa miaka nimesimulia habari hii kwenye harusi na matanga, na watu hucheka sana kuhusu mguu na biskuti. Nilikuwa naanzia kwa Glenda na kuishia kwa mwenyekiti. Lile daftari kwenye droo sikulitaja. Swali aliloniuliza Furaha kando ya gari sikulitaja. Waliotuonea walituonea, sitapunguza hata neno. Lakini mlango waliopitia niliufungua mimi, nikawasaidia na kubeba.

Majuzi bintiye Furaha alimaliza sekondari, wakafanya sherehe kwenye ukumbi wa kanisa. Furaha akaja kuniazima sufuria yangu kubwa ya pilau. Nilimpa kwa furaha, na hata sikuuliza inarudi lini.

Aliirudisha Jumapili, imesuguliwa hadi inang'aa, kifuniko juu. Akaigeuza mwenyewe anionyeshe C nyekundu. Kisha akatoa mkobani karatasi ya daftari la shule iliyopigwa mistari kwa rula. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono wake mzuri: sufuria moja, kifuniko kimoja, siku iliyochukuliwa, siku iliyorudishwa. Chini kuna nafasi ya jina langu.

"Mama," akasema, "weka sahihi hapa."

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania, wala hakuwa amekasirika. Alikuwa ameninyooshea kalamu, anangoja.

Nikaandika jina langu lote. Akaisoma, akaikunja mara mbili, akairudisha mkobani, ndipo akavuta kiti tukanywa chai.